Kamati ya Kumtuliza Mativo

Base yetu, kijiwe chetu cha kila asubuhi, iko Mbotela, nyuma ya bucha, kando ya ukuta ambao kanjo, watu wa kaunti, waliupaka rangi nusu wakachoka. Mimi ni Warigia, muuza kahawa. Kahawa ni yangu na benchi ni langu, ingawa ukiwasikiliza wanaume wanaolikalia utadhani waliachiwa urithi. Kuna mzee Owuor, mstaafu wa reli, tunamwita Signal kwa sababu huinua mkono kabla ya kuongea na hangoji kuruhusiwa. Kuna Kabiru, fundi wa magari, yaani Spana. Kuna Frankline, kijana wa chuo, tunamwita Waifai kwa kuwa anajua kila kitu lakini hukatika katikati. Na kuna Mativo, ambaye hana jina la utani, labda kwa sababu haongei vya kutosha kupewa moja. Goti la Signal, wakwe wa Spana na mitihani ya Waifai humwagiwa yeye kila asubuhi, naye hutingisha kichwa na kusema pole.

Siku hiyo yeye ndiye aliyeanza kuongea, nikajua kuna jambo.

— Ile chanjo yangu imekataa kushika.

Tulijua ni ipi. Mativo amepata kazi ya kufua shuka za wodi hospitalini, na huko hugusi shuka zenye damu kabla ya kuchanjwa ugonjwa wa ini. Alichomwa sindano zote, damu ikapimwa, kinga ikaonekana kidogo mno. Wakamweka kwanza kupiga pasi makoti ya madaktari. Wakamwambia achomwe tena, na ikikataa tena, msimamizi atatafuta mtu mwingine.

— Sista anasemaje? Spana akauliza.

— Anasema sababu ni mob, ziko nyingi. Wengine umri, wengine kuvuta fegi, wengine mwili tu. Lakini aliniangalia macho akauliza kama nalala. Eti mtu akikaa na stress sana, mwili unaweza kuitikia chanjo vibaya. Kesho narudi kuchomwa, kabla ya saa sita.

Signal akainua mkono.

— Hiyo inaeleweka. Chanjo ni mafunzo. Unawaletea askari wa damu sura ya adui ili waikariri. Sasa kama askari wote wametumwa kupigana na stress, nani amebaki darasani?

— Si hivyo, mzee, akasema Waifai. Kuna kitu mwili hutoa ukiwa na presha. Kinaitwa koti... kotiso...

— Amekatika, akasema Spana. Mimi naona hivi. Stress hukaa mabegani. Ukiwa na shida si ndio unajishika hapa? Na sindano wanadunga wapi? Hapo hapo. Wanaingiza dawa kwa jam, haiwezi kusonga. Adungwe paja.

— Adungwe mkono wa kulia, akasema Signal. Wa kushoto uko karibu na moyo, na moyo ndio una mawazo.

— Ni wa kulia walidunga, akasema Mativo.

— Basi wa kushoto.

Wanaume hawa wakikosa jibu huunda kamati. Waliwahi kuunda kamati ya bomba la maji lililopasuka, na kanjo walipokuja kulirekebisha walikuta bado wanagombania nani awe naibu. Sasa wakaunda ya kumtuliza Mativo. Signal mwenyekiti, Spana naibu, Waifai msemaji. Mimi sikuulizwa. Nikaambiwa tu kwamba kahawa ya mgonjwa iwe na tangawizi nyingi.

Kamati ikapitisha maazimio papo hapo. Mativo akae katikati. Asiambiwe habari yoyote mbaya mpaka kesho. Timu ya Gor Mahia isitajwe. Simu yake ishikwe na Waifai. Haikupita dakika ikalia.

— Ni mathako, akasema Waifai. Nimwambie umelala?

— Ukimwambia mama nimelala saa hizi asubuhi, ataitisha kanisa lote la Kitui liniombee.

Waifai akaiacha ilie mpaka ikanyamaza. Mativo akaikodolea macho hiyo simu, nami nikaona wazi kwamba hajatulia hata kidogo.

— Mambo ya wazazi ni mazito, akasema Spana. Hata mimi, wale wakwe wangu jana...

Akaanza. Wakwe wakaingia wote kwenye hadithi, na mbuzi wao. Signal akaingiza goti. Waifai akakumbuka kwamba wiki ijayo ana mtihani na hajasoma. Mativo, mgonjwa wetu, akatingisha kichwa huku na huku akisema pole, pole, na kamati haikuona chochote cha ajabu. Nikawagongea kifuniko cha birika.

— Mnamtuliza ama mnampakia?

— Kweli, akasema Spana. Basi tufanye hivi. Tutafute mtu hana stress. Achomwe yeye. Ikishika, amgawie Mativo damu kidogo.

— Mbotela hii utampata wapi mtu hana stress? Signal akauliza.

Tukafikiria mtaa mzima, nyumba kwa nyumba.

— Labda paka wa bucha, akasema Spana.

— Si wazo baya, akasema Waifai. Dawa nyingi huanzia kwa wanyama.

Hapo ndipo Celine alipofika na kikombe chake mkononi. Ni mgeni mtaani, amehamia juzi chumba kinachopakana na cha Mativo.

— Sasa wazee. Auntie, nijazie. Kwani kuna mkutano?

Signal akamweleza yote, pamoja na hoja ya paka. Celine akasikiliza mpaka mwisho.

— Huyu ni jirani yangu. Ukuta ni mwembamba, usiku namsikia akitembea, mlangoni hadi dirishani, dirishani hadi mlangoni. Ni nini inamsumbua?

Signal akamtazama Spana. Spana akamtazama Waifai. Waifai akanitazama mimi, nami nikashughulika na makaa. Tulikuwa tumejadili stress ya Mativo asubuhi nzima na hakuna aliyejua ni ya nini. Niliona aibu, nasema ukweli.

Mativo mwenyewe ndiye aliyetuokoa.

— Kuna msee alikuwa hapo kabla yangu. Sindano ilisahaulika ndani ya shuka, ikamdunga kidole. Akaacha kazi, ndio mimi nikapata. Sasa nikifunga macho naona shuka. Na mathe ameambia kijiji chote niko na kazi hospitali. Nitaanzia wapi kusema naogopa?

Signal akaukalia mkono wake.

— Aliugua? Waifai akauliza kwa sauti ya chini.

— Hapana. Chanjo yake ilikuwa imeshika.

— Glavu wanakupa? akauliza Spana.

— Nyepesi.

— Itisha zile nzito. Nitakuonyesha za kushikia mabati.

— Mwaka wangu wa kwanza reli, akasema Signal, niliogopa kuvuka njia hata kama hakuna treni. Sikumwambia mtu. Nilikonda.

Mativo akacheka, kisha akaendelea. Akasema juu ya harufu ya dawa, juu ya mashine zinavyonguruma, juu ya mama yake. Hatukumkatiza. Waifai akamrudishia simu bila kuombwa, naye akampigia mama yake pale pale benchini, akamwambia kazi inamtia hofu. Tulimsikia mama akisema kitu kirefu, na mabega ya Mativo yakashuka.

Asubuhi iliyofuata kamati nzima ilifika mlangoni kwake kumsindikiza kliniki, Signal akiwa amevaa koti la harusi. Nami nilibeba birika, maana kamati bila kahawa haitembei. Mlango ulikuwa umefungwa, na kutoka ndani tukasikia mtu anakoroma kama trekta. Celine alikuwa nje akianika nguo.

— Sijamsikia akitembea usiku mzima, akanong'ona.

Spana akainua ngumi kugonga mlango, akaishusha. Waifai akasema saa sita bado. Signal akasema ni kweli, bado. Tukaketi kwenye kizingiti, nami nikamimina kahawa polepole isisikike. Jua likapanda mpaka likatupata miguuni. Celine akamaliza kuanika, akatugeukia.

— Sasa ni nani atamwamsha?

Kamati ikanywa kahawa.