Elwyn Prosser na Mlango wa Ukumbi

Wapendwa katika Bwana, familia imeniomba mimi, Gethin, mdogo wake marehemu, niwasomee maisha ya kaka yetu Elwyn Prosser, kama Mungu alivyomjalia.

Elwyn alizaliwa tarehe 3 Februari 1931 hapa Cwmhelyg, Wales, mtoto wa kwanza wa mzee Idris na mama Blodwen, akabatizwa katika kanisa hili hili, akasoma shule ya hapa hadi miaka kumi na minne, kisha akashuka na baba kwenye mgodi wa makaa ya mawe.

Aliichezea klabu yetu raga ya ridhaa, ile ya watu kumi na watano, na baba alikuwa bawabu wa ukumbi wa klabu. Septemba 1953 alikwenda Thornley Moor, Yorkshire, kujaribiwa katika raga ya kulipwa, ya watu kumi na watatu, na kwenye karatasi ya timu hawakuandika jina lake, waliandika "Mwingine" tu, kwa sababu aliyejulikana kuucheza mchezo ule alifungiwa mchezo wa kwetu maisha yake yote, asikanyage hata ukumbini. Tarehe 12 Oktoba alisaini mkataba kwa jina lake mwenyewe.

Alicheza winga miaka kumi na minne, mechi 388, asubuhi mgodini, mchana uwanjani, akavunjika taya mara mbili. Tarehe 7 Aprili 1956 alifunga ndoa na Doreen Hebblethwaite, wakajaliwa watoto wawili, Marian na Huw. Mwaka 1967 akawa kocha wa timu hiyo hiyo, na wachezaji wake waliokuja leo bado wanacheka wakikumbuka alivyompigia mmoja wao kelele, "We Barry, umemkaba yule, au umemkumbatia kama shangazi yako aliyeshuka kwenye treni?"

Baba alifariki tarehe 5 Novemba 1968. Chai ya msiba ilinywewa ukumbini, na mimi, nikiwa katibu wa klabu, nilisimama mlangoni nikamwambia, "Kaka, sheria unaijua." Hakubisha. Alibaki nje kwenye mvua na suti yake nyeusi, nikampelekea kikombe kizingitini, akaonja, akasema, "Gethin, haina sukari. Hiyo nayo ni sheria ya klabu?" Tulicheka wote wawili, kisha mimi nikarudi ndani. Hakunilaumu hata siku moja, na Mungu anajua, ni afadhali angenilaumu.

Tangu 1985 alisumbuliwa na mapafu, kwa vumbi la makaa, na kumbukumbu ikaanza kumtoka. Mwezi uliopita, hospitalini, alinishika mkono akaniuliza, "Bawabu, baba yangu yumo ndani. Naruhusiwa kuingia?" Alifariki tarehe 14 Machi 1989, saa nane mchana, Doreen akiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliompikia, wachimbaji wenzake, na vijana wake wote wa Thornley Moor.

Sheria ile haijafutwa. Jana nilirudisha daftari na mhuri wa katibu, lakini funguo ninazo mimi. Tukitoka hapa, kabla ya kwenda makaburini, jeneza litapita mlango wa mbele wa ukumbi, na chai itakuwa humo humo, kwa wote, wa hapa na wa Thornley Moor, na sukari ipo. Mjumbe wa kamati mwenye neno atanikuta mlangoni.

Kaka, jibu lako nimechelewa nalo. Ingia, upumzike kwa amani.