Kaunta Buku ya Mwalimu Winifrida

Tarehe 30 Juni 1999, Mwalimu Winifrida Melkiadi atafunga mlango wa darasa la ushonaji kwa mara ya mwisho, baada ya kukitumikia kituo chetu cha ufundi hapa Kasulu kwa miaka ishirini na saba. Kamati ya sherehe imenipa mimi, Venanti Nkunzimana, mtunza stoo, kazi ya kuandika wasifu wake. Nadhani walinichagua kwa sababu ndimi niliyemchunguza kwa karibu kuliko wote. Wangejua nilimchunguza kwa nini, labda wangempa mtu mwingine.

Alianza mwaka 1972 na cherehani mbili za miguu na wasichana saba. Leo ukipita barazani kwa Ridhiwani, mwenye duka la vitambaa Kibondo, utakuta mafundi watatu wamejipanga, na wote wamepita mikononi mwake. Pindo lililopinda halivumilii. Kwenye mahafali ya mwaka 1986 aliona suruali ya mgeni rasmi imeshonwa ovyo, akamwomba aketi ofisini huku amejifunga shuka wakati yeye anarekebisha. Sherehe ilichelewa nusu saa, na mgeni rasmi alihutubia kwa unyenyekevu ambao hatukuuzoea.

Mimi ni mtu wa kushuku tangu utotoni, na kazi ya stoo imenizidishia. Mtu akiomba sindano mbili, najiuliza ya pili ni ya nini. Kwa hiyo mwaka 1997 Mwalimu alipoomba kaunta buku moja, penseli na futi mpya, nilimpa, kisha nikaanza kumfuatilia kwa macho.

Uongozi ulikuwa umemtaka aandae somo jipya kwa wanafunzi wa mwaka wa pili: mavazi ya zamani ya nyanda zetu, kuanzia nguo za magome ya mti na migolole ya kufunga begani, hadi gauni za ubatizo ambazo masista waliwafundisha mabibi zetu kushona. Gauni hizo zina marinda ya kufinya kifuani. Kitambaa hupigwa vitone, kikavutwa kwa uzi hadi kijikunje mikunjo midogo midogo, kisha mikunjo ikafungwa kwa mshono wa urembo. Mafundi wa siku hizi wanaikimbia kazi hiyo kwa sababu inamaliza macho.

Kwa miezi minne Mwalimu hakuonekana mjini Jumamosi. Alidandia malori hadi vijiji vya Gwarama na Nyabibuye, akapita nyumba kwa nyumba akiwaomba mabibi wafungue masanduku yao. Kila gauni alilichora. Chini ya mchoro aliandika jina la mwenye gauni, alikozaliwa na nani alimfundisha kushona. Nilizipata habari hizi sokoni, kutoka kwa mabibi wenyewe. Mwalimu hakusema kitu, na buku ilikaa kikapuni mwake daima, imefunikwa kanga.

Mwaka ule haukuwa wa kuuliza watu walikozaliwa. Wenye asili ya Burundi waliokuwa wakiishi vijijini walikuwa wakikusanywa na kupelekwa kambini, hata akina mama walioolewa huku zamani. Mama yangu, Esteri, alizaliwa ng'ambo ya mpaka. Baba, ambaye sasa ni marehemu, alimwoa mwaka 1955 akamleta Nyabibuye, na mama hakurudi tena kwao. Kiha alikizungumza kama sisi wote, lakini karatasi hakuwa nayo hata moja.

Kisha akaja bwana mmoja mwenye gari jeupe, ambaye hakuna aliyetuambia ni wa ofisi gani. Alikaa na Mwalimu darasani muda mrefu. Nilipita dirishani mara tatu nikijifanya natafuta ngazi. Nilichodaka ni hiki: alitaka kujua kama mshono unaweza kuonesha mwanamke ametoka upande gani wa mpaka.

Unaweza, na mimi nilijua hivyo tangu mdogo. Masista wa upande huu walifundisha kufunga marinda kwa mshono wa kamba, wale wa ng'ambo kwa mshono wa sega la nyuki. Gauni la mama lilikuwa sega tupu, kutoka shingoni hadi kifuani.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Nyabibuye, nikamkuta mama amechangamka. "Mwana wanje, Mwalimu wenu alifika," aliniambia. "Nimemwonesha gauni, nimemweleza yote. Ana mikono misafi yule." Nilikaa palepale mlangoni.

Jumatatu, Mwalimu akiwa darasani, nilifungua kikapu chake. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo nilivyofanya. Michoro yote ilikuwamo, na gauni la mama nililitambua mara moja. Majina hayakuwamo. Sehemu ya chini ya kila ukurasa ilikuwa imekatwa kwa wembe. Nilijua, bila chembe ya shaka, kwamba yamekwisha kabidhiwa kwa yule bwana. Tangu siku hiyo nilimsalimia Mwalimu kwa mdomo tu, na moyoni nilimwita msaliti.

Siku ya kuonesha kazi za somo lile, bwana wa gari jeupe aliketi mstari wa mbele na faili lake. Mimi nilisimama mlangoni, nikiwa nimekwisha panga kumhamisha mama. Gauni zilizoazimwa kwa mabibi zilitundikwa ukuta mzima, na nilipozitazama vizuri nikashangaa. Hakuna hata moja iliyokuwa na mshono wa aina moja tu. Safu za sega, chini yake safu za kamba, kisha sega tena. Nilisogea hadi kwenye la mama. Chini ya sega lake la zamani kulikuwa na safu mbili za kamba, na uzi ulikuwa umechovywa kwenye chai ili usionekane mpya.

Bwana yule aliuliza swali lake mbele ya wote. Mwalimu alimjibu kwa upole kwamba mshono huonesha mwanamke ana subira kiasi gani, na zaidi ya hapo yeye hajui. Bwana alitazama ukuta kutoka mwanzo hadi mwisho, akafunga faili, akanywa chai yake, akaondoka. Hakurudi tena.

Wanafunzi waliniambia baadaye kwamba mazoezi yao yote yalikuwa ukarabati: gauni za sega waliziongezea kamba, za kamba wakaziongezea sega, kwa idhini ya wenyewe. Mama naye alikuwa amekubali. Hakuniambia kwa sababu alijua nilivyo.

Alasiri ya siku ile ya maonesho nilipewa takataka za darasani nizichome. Zilikuwa na vipande virefu vya karatasi vilivyotobolewa kwa sindano. Karatasi kama hiyo huwekwa juu ya kitambaa na unga wa mkaa hupakwa juu yake, ndipo vitone hujitokeza sawasawa. Kwenye kipande kimoja nilitambua mwandiko wa Mwalimu, matundu yamepita katikati ya herufi: Esteri, na jina la kijiji cha ng'ambo. Majina ya mabibi wote yalikuwa humo, yametobolewa na kuchafuliwa kwa mkaa. Niliyachoma mwenyewe, nikasimama pale hadi moto ulipozimika, na sioni haya kusema kwamba nililia.

Mama alifariki Februari mwaka huu, nyumbani kwake. Tulimzika Nyabibuye kando ya baba, amevaa gauni lile.

Wiki iliyopita nilimwendea Mwalimu kuuliza tarehe za wasifu huu. Alinipa zote, kisha akasema bila kuinua macho kwenye kazi yake: "Andika na siku ile ulipofungua kikapu, Venanti. Kanga uliikunja kiume."

Basi nimeandika. Mwalimu, asante kwa miaka ishirini na saba, na asante kwa safu mbili za kamba. Nenda kwenu Buhigwe ukapumzike kwenye migomba yako, ukiwa na afya njema na macho ambayo bado yanaona tundu la sindano. Ukija kututembelea, kikapu chako kiache popote upendapo. Nitakilinda mimi.