Ngozi ya Lucie

Asubuhi ile tulikuwa wanne kwenye benchi ya Mama Fabiola, muuza kahawa, kando ya barabara ya kambi ya Kanyaruchinya. Kahawa ilikuwa moto, na maneno moto zaidi. Lucie, aliyekimbia vita kule Kibumba na watoto wake wawili, alikuwa amepelekwa hospitali jana yake. Ngozi ilikuwa inamutoka vipande-vipande kama mutu aliyemwagiwa maji ya kuchemuka. Midomo vidonda, macho yamefungana. Na moto haukumugusa.

—Ile ni sumu, akasema muzee Habarurema, tunayemuita Komanda. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Yale malengelenge, kuna mutu aliyaunda.

—Mutu gani? nikamuuliza.

—Mukamugema. Hema yake na ya Lucie zinaangaliana. Juzi alimupa sahani ya maharagi.

Mama Fabiola akaacha kumimina kahawa.

—Lakini watoto walikula maharagi yale yale. Mbona wao wazima?

—Sumu inajua jina la mutu, Mama.

Constant, muuza vidonge wa hapo barabarani, akatikisa kichwa. Watu wanamuita Dokta.

—Mimi naona ni mabomu. Moshi unaingia ndani ya mutu, unangoja, kisha unatokea kwa ngozi.

—Basi sisi wote tungekuwa tunabambuka!

—Haraka haraka haina baraka, Mama. Ngojeni tu.

—Hatungoje! Komanda akasimama. Leo Mukamugema anatoka kambini. Wanaume wa bloku yetu wameisha kubali.

Hapo pikipiki ikasimama. Akashuka Nyiramahirwe, dada ya Lucie, macho mekundu kwa kukesha. Hakusalimia mutu.

—Lucie iko muzima, bado. Daktari anasema si sumu, na haiambukize. Ni dawa. Kuna watu wachache sana, mwili wao unakataa dawa fulani, ngozi inaungua kama vile. Akiimeza tena siku moja, anaweza kufa.

Komanda akakaa polepole. Nyiramahirwe akamugeukia Constant.

—Wiki mbili zimepita, alikuja kwako na homa. Daktari anataka jina. Ulimupa dawa gani?

Constant akavuta katoni yake. Akafungua kikaratasi kimoja, cha pili, cha tatu. Hakuna chenye jina.

—Vilikuwa vyeupe, akasema.

Nyiramahirwe akainama, akaangalia ndani ya katoni. Vyote vilikuwa vyeupe.