Oreeditse Mokgwathi, Aliyevuka Magogo ya Mlangoni

Ndugu wa ukoo, majirani wa Tonota, nanyi mliotoka Francistown asubuhi hii na baridi yote hii, poleni na safari. Wasifu huu unasomwa na Galefele, mdogo wa marehemu. Sehemu kubwa aliusimamia marehemu mwenyewe, na kwa waliomfahamu hilo si la ajabu.

Oreeditse alizaliwa hapa Tonota tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya watano wa mzee Marumoloa na mkewe. Alisoma shule ya msingi hapahapa kijijini, kisha sekondari ya misheni, akamaliza mwaka 1969. Alipenda hesabu na hakupenda kusubiri. Mama yao alikuwa akisema Oreeditse akitumwa maji hurudi kabla ndoo haijajaa.

Mwaka 1973 aliajiriwa na kiwanda cha sabuni cha Phalane, Francistown, kama mpimaji wa dawa. Mwaka 1977 aliolewa na Ditiro Mokgwathi, fundi wa reli, kwa ng'ombe wanane waliofikishwa Desemba. Mtoto wao wa pekee, Tshenolo, alizaliwa mwaka 1979, na ndipo watu walipoanza kumwita Mma Tshenolo, yaani mama Tshenolo. Kwa desturi yetu mzazi hukaa ndani miezi mitatu. Yeye wiki ya sita alikuwa kiwandani, titi limejaa, mtoto yuko kwa bibi yake. Mabosi walimpigia makofi. Makofi hayo yalimkaa kichwani miaka mingi.

Mwaka 1986 akawa meneja wa uzalishaji. Mwanamke akileta barua ya likizo ya uzazi, aliisoma akiwa amesimama. "Mimba si ugonjwa," alisema. "Mimi nilirudi wiki ya sita, na sikufa." Wanaume wao hata hawakuthubutu kuomba. Mmoja aliomba siku mbili tu, akaulizwa kama naye ananyonyesha.

Hapo ndipo Galefele angependa kuruka, na aliruka kweli alipoandika mara ya kwanza. Marehemu alikuwa kitandani, mkono wa kushoto umelala kwa kiharusi, akataka asomewe.

"Kuhusu kazi umeandika nini?"

"Nimeandika ulikuwa mchapakazi, mpendwa wa wote."

"Wa wote! Toka hapa na uongo wako. Andika ya Kelapile."

"Dada, watu watakuja kuzika, si kusikiliza kesi."

"Basi nizikeni mimi. Msije mkamzika mtu mwingine mkamwita jina langu."

Ya Kelapile ni haya. Kelapile Ntshole alikuwa mkuu wa zamu kwenye mapipa ya kuchemshia, mwanamke wa kwanza kupewa cheo hicho. Alijifungua mtoto wa kiume Juni 1994, akakaa ndani kwa bibi yake, na mlangoni yakawekwa magogo mawili kuwaonya wapita njia wasiingie, hasa waliotoka msibani, ambao kwetu miguu yao huhesabiwa ina moto wa kumdhuru mtoto mchanga. Sheria ilimpa wiki zake zote. Jumamosi ya tarehe 16 Julai, Oreeditse alitoka kumzika mfanyakazi mwenzao, na kutoka makaburini akaenda moja kwa moja kwa Kelapile, udongo wa kaburi ungali kwenye viatu. Akayavuka magogo. Mkononi alikuwa na karatasi: arudi Jumatatu, la sivyo cheo kinapewa mwingine.

Bibi aliinuka. "Wee mama, magogo huyaoni? Unatoka makaburini na miguu ya moto unamjia mtoto mchanga!"

"Bibi, nimekuja kikazi."

"Kazi hiyo mrudishie huyo uliyetoka kumzika. Yeye ana nafasi."

Jumatatu Kelapile hakwenda. Jumanne cheo kikapewa mwanamume aliyeunguza pipa zima wiki hiyohiyo. Wiki za Kelapile zilipokwisha alirudi, akawekwa meza ya kufunga vipande vya sabuni. Alivifunga mpaka alipostaafu mwaka 2013. Mtoto hakupata neno, ni mwalimu sasa, Maun. Lakini cheo hakikurudi.

Oreeditse alistaafu mwaka 2011. Mwaka uliofuata Tshenolo alijifungua, na kwa kuwa bibi walishakwisha, ikabidi yeye akae ndani amhudumie. Uji, maji ya moto, nguo za mtoto, mama analia, mtoto analia. Wiki ya pili alimpigia Galefele simu: "Jamani, hiki ndicho nilichokuwa naita kupumzika?" Alicheka, kisha akasema, "Kelapile."

Kiharusi kilimpata Novemba 2018. Alifariki Alhamisi, tarehe 9 Mei 2019, akiwa nyumbani, Tshenolo akiwa kando yake.

Jumanne hii Galefele alikwenda kwa Kelapile kuomba ruhusa. Alimkuta uani anachambua maharage.

"Mma, tangu mjukuu wake azaliwe dada alijua alikukosea, na ameacha agizo jina lako litajwe. Ukikataa tutaliacha."

"Alikuwa na miaka saba ya kuja mwenyewe," Kelapile alisema. "Saba! Na kutoka kwenu hadi hapa ni kuvuka lami tu."

"Aliona haya, Mma."

"Najua. Sasa unataka niseme nimemsamehe, mumzike vizuri?"

"Hapana. Ruhusa tu."

"Basi litaje. Ya kusamehe niachie mwenyewe, sijayamaliza. Ila ukilitaja, sema nilikuwa najua kazi. Miaka kumi na tisa watu wananiona nafunga sabuni, wanadhani ndicho nilichoweza."

Ditiro, mume wa marehemu, alimtangulia mwaka 2003. Marehemu ameacha binti yake Tshenolo, mkwe mmoja, wajukuu wawili, na wadogo zake Galefele na Modiri.

Na familia inasema mbele ya jeneza lake, kama alivyoagiza yeye na kama alivyotaka mwenyewe aliyekaa pale safu ya pili: Kelapile Ntshole, mkuu wa zamu, alikuwa anajua kazi. Oreeditse alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Angekuwepo mwingine wa kuyaweza mapipa yale, asingeyavuka magogo kumfuata.

Alale sasa, apumzike kwa amani.