Dekow Guleid, Mpishi Aliyewafuata Sisimizi

Jumamosi hii, tarehe 30 Septemba 1967, Mzee Dekow Guleid anavua aproni baada ya miaka thelathini na moja katika hospitali yetu hapa Garissa. Aliajiriwa kuleta maji ya mto kwa punda. Siku moja mpishi akaugua, Dekow akapika uji, wagonjwa wakaumaliza, na hakuna aliyekumbuka kumtoa jikoni.

Mimi Musyoka, dereva wa ambulansi, ndiye niliyeombwa kuandika, na walichagua vizuri, maana nimefika Burma na Kairo na jeshi la Mwingereza na nimekula kwa wapishi wa kila taifa. Sijaona mwingine kama huyu. Mafuriko ya 1961 yalipokata barabara, alilisha wodi mbili wiki tatu kwa mbuzi wa jamaa zake na maharagwe yaliyokwisha kuota. Aliwahi kumtoa jikoni afisa mkubwa kwa sababu ya viatu vyenye matope, kisha akampelekea chai nje.

Lakini nitaeleza habari ya Habibo, ambayo inanifanya hadi leo nisipite wodi ya watoto saa sita mchana.

Ilikuwa mwaka jana, vita vya shifta vimepamba moto. Habibo, msichana wa miaka minane, aliletwa na mama yake, Ebla, kwa msafara wa jeshi kutoka Banissa. Alikuwa na kifafa, akianguka hata mara kumi kwa siku, na vidonge havikutosha. Daktari akamwekea chakula cha ketojeniki, neno ambalo kati ya madereva wote wa mkoa huu mimi peke yangu naweza kulitamka. Mtoto hula mafuta karibu matupu: samli, nundu ya ngamia, mayai, nyama kidogo. Uji marufuku. Sukari, asali na tende marufuku kabisa, na maziwa yanapimwa kwa kijiko, kwa kuwa nayo yana sukari yake. Mwili ukikosa sukari huchoma mafuta, na ubongo hutulia. Ukionja sukari, hata kidogo, unaacha mafuta mara moja, na kifafa kinarudi. Chai yake ilitiwa sakarini, utamu usio na sukari ndani.

Siku ya nne pumzi ya Habibo ilianza kunukia matunda yaliyoiva. Garissa wakati ule hata limau halikuwapo sokoni, na wodi nzima inanukia kama bustani ya watu tusiowaona. Ebla alidhani ni jini. Dekow akamwambia kwa Kisomali kwamba ni mafuta yanayowaka ndani, basi ashukuru. Habibo akakaa siku kumi na moja bila kuanguka.

Kisha lori la dawa likakanyaga bomu njia ya Modogashe. Vidonge vikaisha, tukaletewa dawa ileile ya maji, kwenye chupa. Ile harufu ikatoweka. Habibo akaanza tena kuanguka.

Na mchana, wakati wa joto ambapo hata mbwa hanyanyui kichwa, sisimizi wakaanza kuja. Niliwaona mwenyewe, mimi niliyeona maiti za Burma. Mstari mwembamba mweusi ulipanda mguu wa kitanda, ukapita shingoni mwa Habibo, ukaishia midomoni mwake. Macho yake yalikuwa wazi. Hakuwafukuza. Alinong'ona neno, Dekow akanitafsiria.

"Anasema wanambeba kidogo kidogo."

Sikucheka, na mimi hucheka hata mazikoni.

Sista Gacheri, mkuu wa wodi, aliamini kwamba Ebla anamlambisha mtoto sukari kwa siri. Askari wakapekua furushi la mama, kwani siku zile sukari mkononi mwa mtu wa Banissa ilikuwa kesi ya kulisha waasi. Hawakupata kitu. Hata hivyo Sista alitoa uamuzi: Ijumaa mama na mtoto watoke, wapande lori kwenda kambi ya ulinzi, ambako serikali iliwafungia watu wa vijijini. Huko hakuna daktari. Sote tulijua mtoto hangemaliza mwezi.

Alhamisi mchana Dekow alikuja wodini na kikombe cha ile chai ya sakarini, akaimwaga sakafuni mbele ya sisimizi. Waliizunguka wakaendelea na safari, hata mmoja hakuonja; basi walichofuata midomoni kilikuwa sukari ya kweli. Mzee akapiga magoti, na umri ule, akawafuata kinyumenyume: chini ya kitanda, ukutani, juu ya dirisha, mpaka kabati la dawa lililofungwa. Walikuwa wakitokea kwenye tundu la kufuli. Sista alipofungua, wameifunika chupa ya Habibo hata maandishi hayasomeki. Dekow akaifuta shingo ya chupa kwa kidole, akalamba.

"Sista, huyu mama hana makosa," alisema. "Sukari iko kwa funguo yako."

Daktari alitia matone ya dawa ile kwenye yale maji ya buluu ya kupimia sukari katika mkojo, akachemsha. Yakawa mekundu kama tofali, alama ya sukari. Watengenezaji walikuwa wameyeyusha dawa katika shira ya sukari ili watoto wasiiteme. Kijiko asubuhi, kijiko adhuhuri, kijiko jioni: tulikuwa tukimwangusha sisi wenyewe. Sista Gacheri alikwenda kitandani, akashika miguu ya Ebla mbele yetu sote. Mimi nilitoka na msafara wa kwanza kutafuta vidonge Nairobi, nikarudi navyo, na nani alikuwa dereva hodari wa safari ile siwezi kusema kwa aibu.

Habibo sasa anaanguka labda mara moja kwa mwezi. Anasoma. Bado anakula mafuta, na hofu yetu ilikuwa nani atampikia. Jumatatu jiko linachukuliwa na Ebla. Barua ya kumpendekeza ameiandika Sista Gacheri kwa mkono wake.

Mzee Dekow, asante kwa kila sahani. Sisi sote, wazima na wagonjwa, tunakuombea siku nyingi zenye kivuli, maziwa na usingizi wa amani.