Ubeti wa Pili wa Ndalahwa Masalu

Ndugu waombolezaji, marehemu Ndalahwa alizaliwa Migato, Itilima, tarehe 14 Machi 1991, mtoto wa tatu wa mzee Masalu na mama Philomena, akasoma shule ya msingi hapo hapo 1999 hadi 2005, akamaliza kidato cha nne Bariadi 2009, na stashahada ya kilimo 2013.

Mwaka 2018 aliajiriwa makumbusho ya sayansi hapa mjini, awaeleze wananchi yale ambayo watafiti bado wanayachunguza, lakini watu walipita nje wakisema humo ni mwa wanafunzi, basi akawaita Wagika na Wagalu, vyama vyetu viwili vya ngoma, maana Msukuma gani anaipita ngoma, wakashindana uani kwa nyimbo za utafiti, watu wakajaa mpaka juu ya ukuta.

Tarehe 4 Septemba 2021 alifunga ndoa na Specioza, wakajaliwa Precious, na Dastan ambaye bado yuko mgongoni.

Agosti 2023 kundi la Wagika linaloongozwa na manju Athanasi lilishinda kwa wimbo wa majani yaliyokuwa yanajaribiwa kuua funza wa pamba, watafiti walisema huenda yanaua, manju akaimba yanaua, marehemu naye akapiga makofi, wimbo ukafika Mwamapalala, ukafika Nassa, watu wakaacha kupulizia dawa, na majibu yalipotoka kwamba majani hayafai, pamba ilishaliwa, ya baba yake mzazi ikiwemo. Akatunga ubeti wa pili wa kusahihisha, akazunguka nao miaka miwili, wakamcheka, "We Ndalahwa, ulishaona nani akaingia uwanjani kuimba alivyokosea?"

Tarehe 21 Oktoba 2025 alirudi kutoka Nassa amenyeshewa, kifua kikambana, akalazwa kwa nimonia, akatutoka asubuhi ya tarehe 2 Novemba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliolala nasi hapa matangani, wafanyakazi wenzake, na Wagika mliokuja na ngoma zenu, na kwenu familia ina ombi, kwa sababu pamba inapandwa wiki hizi, na Specioza anaogopa, hafichi, anaogopa jembe sasa ni lake peke yake, na jana kamsikia Precious akimbembeleza mdogo wake kwa wimbo ule ule, majani yanaua, yanaua, hajui mwingine. Athanasi, kaka yetu, mkimpeleka kaburini, anzeni na ubeti wa pili, mtoto ausikie.

Pumzika kwa amani, Ndalahwa, uliyokosea uliyarudia kwa miguu yako.