Mama Kipimo Anatuachia Masikio Yetu

Miaka thelathini na mmoja! Mpima kelele wa kiwanda chetu cha nguo, Mama Kipimo, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30. Kusema kweli, wengine wetu tungeweza kumfichia kalenda.

Alianza kwenye mashine za kufuma, miaka tisa, enzi ambazo kuziba masikio kulikuwa mzaha. Kisha akapelekwa kozi, akarudi na vipima kelele vidogo vya kubana begani, karibu na sikio, ushinde nacho zamu nzima. Kila siku ya vipimo alitupanga mstari mlangoni kabla ya saa moja asubuhi, akatubana kimoja kimoja na kutuweka kola sawa. Fundi wetu mmoja alikiimbia chake. Jioni akaulizwa kwa upole saa nne na dakika ishirini alikuwa amepatwa na nini.

Mimi nilifanya baya zaidi. Nikiogopa kuondolewa mashine namba sita, niliyoipigania miaka, nilikifungia changu kabatini. Kikasoma desibeli sitini. Cha jirani yangu, tisini na sita. Jamani, aibu! Hakunishtaki. Kesho yake alinibana kingine, akasimama kando yangu zamu nzima, hata chai hakunywa. Nikahamishiwa chumba cha kukagua vitambaa. Nilinuna mwaka mzima, salamu zake nikizijibu kwa kidevu.

Siku moja akanieleza kwa nini husimama kushoto kwako kila mnapoongea. Tulidhani ni maringo, kumbe sikio lake la kushoto liliharibikia kwenye zile mashine za kufuma. Mwanawe alipokuwa mdogo alikuwa akimwita kutoka upande huo, haitikiwi, mwisho akaacha kuita, akidhani mama amemchukia.

Kwa namba zake, mashine kumi na mbili zilijengewa chumba chao, na vizibo vya masikio vikawa lazima. Hata meneja anavaa.

Binti yangu huninong'oneza siri zake, nami nazisikia zote. Sijawahi kumshukuru Mama Kipimo kwa hilo, na zimebaki siku nne. Tayari namkumbuka, na bado hajaondoka.

Mama, Ijumaa hakutakuwa na spika. Tutapanga mstari mlangoni kama ulivyotuzoesha, safari hii upande wako wa kulia, kila mmoja akwambie lake sikioni. Mimi nitakuwa wa kwanza. Upumzike vyema, wajukuu wakuite mchana kutwa, na uwasikie.